Mkono Unaoamsha Usiku

Sogezeni kiti karibu na redio. Mazungumzo ya leo ni ya mkono: mkono unaokufa ganzi, mkono unaomwamsha mwenyewe usiku, na njia mpya ya kuutibu kwa sindano au kisu kidogo kinachoongozwa na picha.

Tuanze na usiku, maana ugonjwa huu wenyewe huanza usiku.

Ni saa nane. Mtaa umelala. Katika nyumba moja ya Mangobo, Kisangani, mama anaamka, na si mtoto aliyemwamsha, wala si mvua. Ni mkono wake wa kulia. Vidole vimekufa ganzi, vinachomachoma kama vimetumbukizwa katika siafu. Anakaa kitandani, anaukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa, kisha anauning'iniza pembeni ya kitanda. Baada ya dakika chache ganzi inapungua, analala. Saa kumi anaamka tena.

Mama huyu hana jina katika kipindi hiki, kwa sababu si mtu mmoja. Yupo karibu katika kila mtaa. Mchana hutwanga ndizi za lituma, hutwanga pondu, hukamua nguo, hubeba beseni la mihogo hadi sokoni. Miezi ya kwanza huona ni uchovu tu. Baadaye jirani mmoja humwambia ni baridi, mwingine husema ni damu nzito, mwingine hushusha sauti na kutaja ulozi. Pengine huchanjwa chale penye kifundo cha mkono. Na mkono unaendelea kumwamsha.

Swali la kwanza, basi: ndani ya mkono huo kunatokea nini?

Msikilizaji mwenye nafasi ageuze mkono wake, kiganja kiangalie juu. Atazame pale ambapo kiganja kinaungana na mkono, penye mikunjo ya ngozi. Chini ya ngozi hiyo kuna njia nyembamba, kama handaki. Sakafu na kuta zake ni vifupa 8 vya kifundo. Paa lake ni ukanda mgumu unaokatiza kutoka upande wa gumba hadi upande wa kidole kidogo. Ndani ya handaki hilo wanapita abiria 10: kano 9 zinazokunja vidole, na mshipa mmoja wa fahamu, unaoitwa neva ya kati.

Watu wa Kisangani wanajua mtumbwi uliojaa. Mtumbwi hautanuki kwa kuwa abiria wamenenepa. Kano zikivimba kidogo, au maji ya mwili yakikusanyika humo, mfupa hausogei na ukanda hauvutiki. Anayebanwa ni abiria aliye laini kuliko wote, na huyo ni mshipa wa fahamu. Ukibanwa, ganzi. Ukibanwa zaidi, maumivu. Ukibanwa miaka, nyama iliyo chini ya gumba hukauka, na mkono hupoteza nguvu ya kushika. Madaktari wetu, waliosomea kwa Kifaransa, huliita tatizo hili sendromu ya kanali kapieni. Katika mazungumzo haya litaitwa ugonjwa wa handaki la kifundo.

Na kwa nini usiku? Kwa sababu mtu akilala hukunja kifundo bila kujua, huweka mkono chini ya kichwa au chini ya shavu, na handaki lililokunjwa hubana zaidi. Tena mwili ukilala chali, maji yaliyoshuka miguuni mchana hurudi na kuenea mwilini. Kumbukeni jambo hili la kwanza: usiku. Ganzi inayoamsha usiku na kumfanya mtu akung'ute mkono ndiyo alama ambayo daktari huiuliza kabla ya kitu kingine.

Jambo la pili ni gumba. Neva ya kati huhudumia vidole vitatu na nusu: gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete iliyo upande wa kidole cha kati. Kidole kidogo hakimo. Kinalishwa na mshipa mwingine, usiopita katika handaki hili.

Hapa watu wa toleka wasikilize vizuri. Mwendesha baiskeli anayebeba abiria kutoka asubuhi hadi jioni huegemeza kiganja kwenye usukani, na mara nyingi kinachokufa ganzi ni kidole kidogo na kile cha pete. Huo ni mshipa jirani, unaopita katika njia yake ndogo upande wa kidole kidogo, njia ambayo daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Félix Guyon, aliieleza mwaka 1861. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kituo cha afya, mgonjwa ajiulize: ni vidole gani hasa? Ajibu kidole kwa kidole. Jibu hilo linamwokolea daktari muda, nalo linamwokolea mgonjwa fedha.

Lipo pia jambo zito ambalo halifai kupitwa. Ukoma bado upo Kongo, nao hushambulia mishipa ya fahamu. Mtu mwenye ganzi mkononi ambaye pia ana baka la ngozi lililopauka, lisilosikia kuguswa wala kuchomwa, au ana mshipa mnene nyuma ya kiwiko, asifikirie handaki la kifundo kwanza. Aende akapimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na Shirika la Afya Duniani limezitoa hivyo tangu mwaka 1995. Na mwenye ganzi inayoanzia nyayo za miguu yote miwili apimwe kisukari.

Sasa, ni nani hasa hupatwa na ugonjwa wa handaki?

Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Mama mjamzito anaweza kuupata kwa sababu ya maji mengi mwilini, na mara nyingi humwachia baada ya kujifungua. Wenye kisukari, wenye tezi ya shingo iliyolegea kazi, wenye baridi yabisi ya viungo na wenye unene wamo katika hatari. Aliyewahi kuvunjika kifundo naye yumo. Huko Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba kati ya watu wazima 100 wa kawaida, kama 3 au 4 wanao. Si ugonjwa wa ajabu. Ni ugonjwa wa watu wa kawaida.

Kuna tena kazi. Kazi inayotaka nguvu ya kiganja, inayorudiwa mara elfu, au inayotikisa mkono kwa mashine huongeza hatari. Fikirini msumeno wa injini. Mkoa wa Tshopo una msitu, na vijana wengi hupasua mbao humo kwa msumeno wa mnyororo, mikono ikitetemeka nao kutwa nzima. Fikirini mwendesha pikipiki kwenye barabara ya mashimo. Fikirini wavuvi wa Wagenia, wanaovuta kamba za mitego mikubwa katikati ya maji yanayochemka juu ya mawe. Fikirini mchi na kinu. Hakuna anayesema kinu ni kibaya. Bila kinu hakuna lituma. Linalosemwa hapa ni kwamba mkono unaofanya kazi hiyo unastahili kusikilizwa unapolalamika.

Turudie kidogo, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Jambo la kwanza ni usiku. Jambo la pili ni gumba na wenzake wawili na nusu, bila kidole kidogo. Jambo la tatu linakuja, nalo ni mapema.

Mwaka 1913, mjini Paris, madaktari wawili, Pierre Marie na Charles Foix, waliichunguza mikono ya mwanamke mzee aliyekuwa amefariki. Nyama ya chini ya gumba ilikuwa imekauka pande zote mbili. Walipofungua kifundo waliona mshipa wa fahamu umevimba juu ya ukanda na umenyongwa chini yake. Waliandika kwamba kama ugonjwa ungetambuliwa mapema, kuukata ukanda huo pengine kungezuia hasara yote. Yaani kabla watu wengi hawajaujua ugonjwa huu kwa jina, wawili hao walikwisha ona kwamba adui ni kuchelewa. Miaka 20 ikapita. Mwaka 1933 daktari James Learmonth aliandika habari za kuukata ukanda kwa mgonjwa aliye hai. Katika miaka ya 1950 na 1960 daktari George Phalen, wa Cleveland nchini Marekani, aliufanya ugonjwa huu ujulikane kila mahali.

Phalen aliacha kipimo kisichohitaji mashine, umeme wala fedha. Mtu huviacha vifundo vyote viwili vikunjike chini, migongo ya viganja ikigusana, kisha hutulia hivyo kwa dakika moja. Ganzi ikianza katika vidole vitatu na nusu, hiyo ni dalili. Mwuguzi wa kituo cha afya cha ndani kabisa ya Opala anaweza kufanya kipimo hicho chini ya mwembe. Hakitoshi peke yake kusema ndiyo au hapana, lakini kinaonyesha njia ya kufuata.

Na tiba? Twende hatua kwa hatua, kutoka iliyo nyepesi.

Hatua ya kwanza ni gango, lile ambalo hospitalini huitwa atele. Ni kitu kigumu kinachofungwa ili kifundo kilale kimenyooka usiku, kisikunjike mbele wala nyuma. Fundi wa mbao akielekezwa na mwuguzi anaweza kutengeneza la ubao laini lililofunikwa kitambaa. Lisibane. Livaliwe usiku kwa majuma kadhaa, kama sita hivi. Kwa wengi ambao ugonjwa wao ni mchanga, hilo peke yake huleta usingizi. Mchana nao, kazi zigawanywe: vijana wa nyumba washike mchi, nguo nzito zikamuliwe na wawili. Pengine hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa linahitaji nyumba nzima ikubali kwamba mama anaumwa hata kama hana jeraha linaloonekana.

Hatua ya pili ni sindano, na hapa ndipo picha inapoingia.

Mama wa Kisangani anaijua ekografi. Aliilalia alipokuwa na mimba, akapakwa mafuta ya baridi tumboni, akaonyeshwa moyo wa mtoto ukidunda. Mashine ile hutuma sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, sauti inagonga vilivyo ndani ya mwili na kurudi, na mashine inageuza mrejeo huo kuwa picha. Haina miale inayodhuru. Kwa kifundo cha mkono inatakiwa kichwa cha mashine kilicho tofauti na kile cha tumbo, kichwa bapa kinachoona vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Kikiwekwa juu ya kifundo, mshipa wa fahamu huonekana kama kipande cha sega la asali, kano huteleza mgonjwa akichezesha vidole, na mshipa wa damu upande wa kidole kidogo hudunda. Daktari hupima unene wa neva pale inapoingia handakini. Neva iliyobanwa huwa imevimba mlangoni, kama mto unaojaa juu ya mahali palipozibwa.

Picha hiyo ikiwa mbele ya macho, sindano haiendi tena kwa kubahatisha. Daktari huona ncha yake ikipita, huona neva iko wapi, huikwepa. Dawa inayotumika zaidi ni ya jamii ya kotizoni, kwa kiasi kidogo. Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kulinganisha sindano moja ya dawa hiyo na gango la usiku. Baada ya majuma sita, waliochomwa sindano walikuwa na nafuu zaidi. Miezi sita baadaye, tofauti hiyo haikuonekana tena. Basi sindano ni nafuu ya haraka, si ahadi ya milele. Mwenye kisukari aiambie hospitali, kwa sababu sukari inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Wala mtu asichomwe mara kwa mara kila ganzi inaporudi.

Kuna sindano nyingine, na hii huwashangaza wengi. Mwaka 2017 madaktari wa Taiwan walijaribu kuingiza maji ya glukozi ya asilimia 5 kando ya neva, wakiongozwa na ekografi. Maji hayo huisukuma neva taratibu na kuitenga na nyama zilizoigandamiza. Waliopata maji ya glukozi walikuwa na nafuu kuliko waliopata maji ya chumvi, na nafuu hiyo ilidumu hadi miezi sita. Waliojaribiwa hawakuwa wengi, na ugonjwa wao haukuwa wa mwisho. Lakini tufikirie: seromu ya glukozi ya asilimia 5 ni ile ile chupa inayoning'inia karibu na kitanda cha mgonjwa wa malaria. Dawa ipo. Kinachohitajika ni jicho la mashine na mkono uliofundishwa.

Hatua ya tatu ni kuukata ukanda. Kwa miaka mingi hilo lilimaanisha kupasua kiganja kwa urefu wa sentimita kadhaa, kushona, na kusubiri majuma kabla ya kushika jembe au mchi. Upasuaji huo bado ni mzuri, na mahali pengi ndio unaopatikana. Asiogope mtu aliyeambiwa aende kupasuliwa.

Lakini mwaka 1997 madaktari wa Japani, Nakamichi na Tachibana, waliandika habari za kuukata ukanda kwa msaada wa ekografi. Tangu hapo njia hiyo imeboreshwa sana. Mwaka 2016 madaktari wa Hispania walichapisha jaribio lililolinganisha njia ya picha na upasuaji wa mpasuko mdogo, na waliotibiwa kwa picha walirudi kwenye matumizi ya mkono mapema zaidi. Mwaka 2017 wenzao wa Ufaransa nao walieleza matokeo mazuri ya wagonjwa wao.

Inafanywaje? Mgonjwa analala, mkono umenyooshwa, yu macho na anaongea. Kiganja kinasafishwa. Sindano ya ganzi inapigwa kifundoni tu. Kisha tundu la milimita chache linafunguliwa, karibu kama punje ya mchele. Kupitia tundu hilo daktari huingiza kisu chembamba chenye ncha ya ndoano, akikitazama kwenye kioo cha ekografi wakati wote. Anapita upande wa neva ulio jirani na kidole kidogo, kati yake na mshipa wa damu, anaukata ukanda kutoka ndani, kisha anahakikisha kwenye picha kwamba umeachia mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi hakuna nyuzi. Hufungwa bandeji, na mgonjwa huchezesha vidole palepale. Kwenye kazi nyepesi za nyumbani wengi hurudi baada ya siku chache. Kinu na msumeno vinasubiri zaidi.

Je, hakuna hatari? Ipo. Kitawi kidogo cha neva kinachoelekea kwenye gumba kinaweza kukatwa. Mshipa wa damu unaweza kuguswa. Ukanda unaweza kubaki na kipande ambacho hakijakatwa. Ndiyo maana kazi hii inataka mtu aliyefundishwa kuona na kukata kwa wakati mmoja. Asiyefundishwa asijaribu, hata kama mashine anayo.

Ndugu msikilizaji anaweza kusema: hayo ni ya Japani na Ufaransa, sisi wa Kisangani yanatuhusu nini?

Basi tuje karibu. Dar es Salaam, Oktoba 2018, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kufundisha madaktari wake kutibu kwa kuongozwa na picha. Walimu walitoka Marekani kwa zamu, timu baada ya timu, katika mpango unaoitwa Road2IR, ulioanzishwa na daktari Fabian Laage Gaupp wa Chuo Kikuu cha Yale pamoja na Watanzania. Kabla ya hapo nchi hiyo kubwa haikuwa na mafunzo ya aina hiyo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kilianza kutoa shahada yake, na mwaka 2021 wa kwanza wakahitimu. Hawakuanza na mkono. Walianza na yaliyoua watu: kutoa usaha tumboni kwa mrija, kufungulia figo zilizoziba, kuchukua kipande cha uvimbe ili kipimwe. Lakini ujuzi ni ule ule: sindano moja, kioo kimoja, jicho lisilobahatisha. Anayeweza kuifikia figo kwa picha amekwisha jifunza nusu ya njia ya kufika kwenye kifundo.

Na Kumasi, Ghana, katika Hospitali ya Mafunzo ya Komfo Anokye, walifungua chumba cha upasuaji mdogo wa mikono ambamo mgonjwa hapewi usingizi. Hutumika sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hupunguza damu, kwa hiyo hakuna haja ya kuufunga mkono kwa mkanda unaoumiza. Njia hiyo ilienezwa na daktari Donald Lalonde wa Kanada. Faida yake inaonekana wazi mahali ambapo mtaalamu wa usingizi ni mmoja na wagonjwa ni wengi: mama mwenye mkono hasubiri foleni ya upasuaji wa tumbo.

Kisangani ina chuo kikuu tangu mwaka 1963, ina kitivo cha tiba, ina kliniki za chuo, ina hospitali kuu ya rufaa ya Makiso. Vijana husoma udaktari hapa hapa, kwenye ukingo wa mto huu. Siku hizi zipo ekografi ndogo za kushika mkononi, zinazoonyesha picha kwenye simu na zinazotumia betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haikatiki. Mahali pa kuanzia si kukata. Ni kutazama. Daktari kijana akijifunza kuitambua neva ya kati kwenye kioo, ataweza kuchoma sindano jirani yake bila kuidhuru. Akizoea sindano kwa miaka, chini ya mwalimu, ndipo kisu kidogo kitafuata. Wanaopanga mafunzo ya afya mkoani wanaombwa kwa heshima kuuweka mkono wa mama mtwangaji katika hesabu zao. Watoto wangapi wa mkoa huu wamelipiwa shule na mkono huo?

Turudi kwenye jambo la tatu: mapema. Neva iliyobanwa kwa muda mfupi huamka haraka ikiachiwa. Wengine hulala vizuri usiku wa kwanza baada ya ukanda kukatwa. Neva iliyoharibika hukua upya kama milimita 1 kwa siku, nayo haifiki kila mahali. Na nyama ya gumba iliyokauka kabisa mara nyingi hairudi kama ilivyokuwa, hata apasuliwe na bingwa. Kwa hiyo anayeangusha vikombe bila sababu, anayeshindwa kufunga kifungo cha blauzi, anayeona bonde pale penye kinofu cha gumba, asingoje mavuno yaishe. Aende juma hili.

Kabla ya kuagana, chukueni karatasi. Mwenye mkono unaomwamsha aandike mambo manne ya kumpelekea mwuguzi. Ganzi huja saa ngapi, na mara ngapi kwa juma? Vidole gani, kimoja kimoja kwa jina? Ilianza mwezi gani? Kazi gani ya mikono hufanywa kila siku, na je, kuna mimba, kisukari, baka la ngozi au mfupa uliowahi kuvunjika? Na aliye na mama au dada anayekung'uta mkono usiku amsaidie kuandika, kisha amsindikize.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, mkono huo ufungwe kitambaa laini chenye kijiti bapa cha kuunyoosha, usikazwe, usiwekwe chini ya kichwa. Asubuhi mwenyewe aangalie kama aliamka mara chache kuliko jana, na hilo nalo aliandike kwenye karatasi ile.